Endoskopi ya njia ya chakula na maendeleo yake ya karibuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao huyarudia mlangoni mwa chumba cha endoskopi, pamoja na machache ambayo wangepaswa kuyauliza mapema zaidi. Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine.

## Misingi

1. Endoskopi ni nini hasa, na inaonyesha nini ambacho ultrasaundi haionyeshi?

Ni kipimo kinachofanywa kwa mrija mrefu unaopindika, wenye taa na kamera ndogo kwenye ncha, ambao daktari huupitisha mdomoni hadi kwenye umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, au kwa njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mpana. Cha kwanza wengi hukiita kipimo cha kamera ya tumbo au OGD, na cha pili ni kolonoskopi. Ultrasaundi ya kawaida huona vizuri ini, figo na mfuko wa nyongo, lakini utando wa ndani wa tumbo, ambako kidonda huanzia, haiuoni. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na majibu ya ultrasaundi yasiyo na kasoro yoyote huku tumboni mwake kuna kidonda kinachovuja damu.

Mrija huo una tundu jembamba ndani yake, na tundu hilo ndilo lililobadilisha kila kitu. Basil Hirschowitz alipotengeneza mrija wa nyuzi za kioo mwaka 1957, kazi ilikuwa kutazama tu. Leo kupitia tundu lilelile hupita koleo la kuchukulia kipande cha nyama, sindano, waya wa kukatia, klipu ya kubana mshipa unaotoa damu na kisu kidogo cha umeme. Sehemu kubwa ya maendeleo yanayoelezwa katika ukurasa huu ni ya vitu vinavyopita humo.

2. Je, inauma, na ni lazima nilazwe usingizi?

OGD haiumi kwa maana ya maumivu, bali inasumbua: unajisikia kutapika, unatoka machozi na mate, na unaona kama pumzi inakatika ingawa njia ya hewa iko wazi kabisa. Kwa kawaida koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na watu wengi humaliza kipimo wakiwa macho kwa dakika zisizozidi kumi. Anayeogopa sana, au anayetibiwa kwa muda mrefu zaidi, hupewa dawa ya kumtuliza kupitia mshipa. Ukipewa dawa hiyo huruhusiwi kuendesha gari wala pikipiki siku hiyo, na ni lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, hata kama unajisikia mzima.

3. Kwa nini naambiwa nisile, na kwa nini maandalizi ya kolonoskopi ni magumu hivyo?

Kwa OGD chakula husimamishwa saa 6 hadi 8 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa kituo chako kikielekeza vingine. Tumbo lenye chakula huficha ugonjwa, na chakula hicho kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu.

Kolonoskopi inadai zaidi, na hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Utumbo mpana ni lazima uoshwe kwa dawa ya kuharisha hadi kinachotoka kiwe maji ya rangi ya njano isiyokolea, unayoweza kuona chini ya choo kupitia kwake. Utafiti wa miaka ya karibuni umethibitisha kwamba dawa ikigawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo, utumbo husafika kuliko ikinywewa yote jioni. Kuamka saa kumi usiku kunywa lita ya dawa yenye chumvi ni karaha, tunalijua hilo. Lakini kamera ya bei yoyote haiwezi kuona kilicho chini ya kinyesi.

4. Daktari alichukua kipande cha nyama. Je, ana maana nina saratani?

Hapana. Vipande huchukuliwa kutafuta bakteria, uvimbe wa muda mrefu, mzio na mambo mengine mengi, na ukubwa wake ni kama punje ya mtama. Kinachohitajika kwako ni kurudi kuchukua majibu ya maabara. Wapo wanaopumua kwa kuambiwa "hatukuona kitu kibaya" kisha hawarudi, na majibu yao yanabaki kwenye faili.

## Vidonda vya tumbo

5. Nina kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo. Ni lazima nifanyiwe OGD?

Si lazima kwa kila mtu. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren walitambua kule Australia kwamba bakteria aitwaye *Helicobacter pylori* ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo anaweza kupimwa kwa choo au kwa pumzi bila mrija wowote. Kwa usahihi wa kipimo hicho, dawa za kupunguza asidi kama omeprazo huachwa wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4 kabla. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani, kwa hiyo hakifai kuamulia kama mtu amepona.

OGD haipaswi kucheleweshwa kwa mtu anayepungua uzito bila sababu, anayekwamwa na chakula, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, au mwenye umri mkubwa ambaye dalili zimemwanza upya. Kuendelea kununua omeprazo duka la dawa kwa miezi huku chakula kinakwama ni hatari kubwa, kwa sababu zinazoelezwa katika swali la 6.

## Saratani ya umio

6. Kwa nini saratani ya umio inatajwa sana Afrika Mashariki?

Kwa sababu ukanda unaoanzia Ethiopia ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ugonjwa huu kwa wingi. Aina yake si ile inayotokana na asidi kupanda, iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Ni saratani ya seli bapa za utando wa umio. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, waliripoti mapema miaka ya 2000 kwamba huwapata hata watu wasiofika miaka 30, jambo lililowashangaza wataalamu wa nchi nyingine.

Tumbaku na pombe vinachangia, lakini havitoshi kueleza yote, maana wapo wagonjwa wengi wasiotumia kimoja wala kingine. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Chai yenyewe haina kosa. Iache ipoe kidogo.

Tatizo kubwa ni kuchelewa. Umio hutanuka, kwa hiyo mtu huanza kusikia ugali unakwama wakati njia imeshabanwa kwa sehemu kubwa. Huhamia uji, kisha maziwa, kisha maji, na mara nyingi ni hatua ya maji inayomfikisha hospitali.

7. Ni ipi hiyo rangi ya kahawia inayopuliziwa kwenye umio?

Ni maji ya iodini yanayoitwa Lugol, na ni mojawapo ya mbinu zilizo rahisi na zenye manufaa makubwa katika fani hii yote. Seli nzima za umio zina akiba ya wanga, na iodini ikigusa wanga hubadilika rangi. Daktari hupulizia, husubiri kidogo, na utando uliokuwa wa waridi hugeuka kahawia iliyokolea mbele ya macho yake. Seli zilizoanza kuharibika zimepoteza akiba hiyo, hivyo hubaki na rangi ya njano hafifu kama doa kwenye kitambaa kilichotiwa rangi, na doa hilo dakika chache baadaye huelekea kwenye waridi. Kabla ya kupulizia, mahali hapo pengine palionekana sawasawa kabisa.

Katika utafiti wa Bomet uliochapishwa mwaka 2016, wakazi 305 wasio na dalili yoyote walichunguzwa kwa njia hii, na takriban 14 kati ya kila 100 walikutwa na mabadiliko ya awali ya seli. Wengi wa watu wa namna hiyo hawatapata saratani, lakini wanajulikana na wanaweza kufuatiliwa. Nchini China, utafiti wa wilaya ya Cixian uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba uchunguzi mmoja tu wa namna hii ulipunguza vifo vya saratani ya umio ndani ya miaka 10, kutoka asilimia 5.05 hadi 3.35. Kamera mpya zina mwanga maalumu wa buluu na kijani unaoonyesha mishipa midogo bila rangi yoyote, nazo ni nzuri. Lakini chupa ya iodini ni ya bei ndogo, na hospitali ya mkoa inaweza kuimudu leo.

Iodini huunguza kifua kwa saa chache, na mwenye mzio wa iodini au ugonjwa wa tezi la shingo aseme mapema.

8. Je, saratani changa inaweza kuondolewa bila kupasua kifua?

Ndiyo, ikiwa bado iko kwenye tabaka la juu. Daktari huingiza maji yenye rangi ya buluu chini ya utando, mahali pagonjwa pakainuka kama lengelenge, kisha hukata kuzunguka na chini yake. Njia rahisi hutumia waya wenye kitanzi. Njia ngumu zaidi, iliyokuzwa Japani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hutumia kisu kidogo cha umeme kuchuna tabaka zima kwa kipande kimoja, hata kama ni pana, ili maabara ithibitishe kwamba kingo zake ni safi. Inaweza kuchukua saa kadhaa na inadai mafunzo marefu. Lakini kabla ya kisu ni lazima ugonjwa uonekane ukiwa mchanga, na ndiyo sababu jibu la swali la 7 limekuwa refu kuliko hili.

9. Mgonjwa wetu hawezi kumeza hata maji. Kuna lolote?

Lipo. Stenti ni bomba la wavu wa chuma linaloingizwa likiwa limekunjwa, likafunguka lenyewe ndani ya umio na kuitanua njia. Kwa kawaida huwekwa kwa msaada wa mashine ya eksirei, lakini Tenwek walionyesha, kwa mamia ya wagonjwa, kwamba inaweza kuwekwa salama kwa endoskopi peke yake, jambo lenye maana kubwa kwa hospitali isiyo na mashine hiyo. Stenti haiponyi saratani. Humrudishia mtu uwezo wa kunywa uji na kula chakula laini na familia yake, na kwa aliyekaa wiki akitema mate yake kwenye kopo, hilo si jambo dogo.

Mwenye stenti ale akiwa amekaa wima, atafune sana, anywe maji katikati ya chakula na aepuke nyama ngumu.

## Kutapika damu

10. Ndugu yangu ametapika damu nyingi ghafla. Kamera itasaidia nini wakati huo?

Kwanza mfikishe hospitali yenye damu ya kuongeza. Huko mshipa utafunguliwa, atapewa maji na damu kwa kiasi, na akishatulia ndipo endoskopi ifanyike, kwa kawaida ndani ya saa 24. Ndugu wengi hukasirika wakiona kamera haifanywi palepale. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha endoskopi ya ndani ya saa 6 na ile ya kati ya saa 6 na 24 kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa, na haraka hiyo haikuokoa maisha zaidi. Kumtuliza mgonjwa kwanza ni sehemu ya matibabu.

Katika vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria chanzo mara nyingi si kidonda bali kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo *Schistosoma mansoni* hukwama kwenye ini na kuacha makovu kuzunguka mishipa yake. Damu inayotoka kwenye utumbo hukosa pa kupita, bandama huvimba, na damu hutafuta njia ya pembeni kupitia mishipa ya umio, ambayo hutuna hadi kupasuka. Anayetapika damu hivi anaweza kuwa mvuvi au mama mkulima aliyekuwa kazini asubuhi ya siku hiyo.

Kwenye ncha ya mrija hufungwa kikombe chenye mipira midogo ya duara. Mshipa uliotuna huonekana kama mnyoo wa buluu chini ya utando. Daktari huuvuta kwa hewa hadi ujae ndani ya kikombe, kioo kinakuwa chekundu chote, kisha mpira mmoja huachiwa na kuubana shingoni. Baada ya siku chache mahali hapo hufa na kudondoka, pakiacha kovu. Kazi hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mishipa iishe, na hapa ndipo wengi hupotea: damu imekoma, nauli ni ghali, hawarudi, na mshipa wa jirani unapasuka. Ukiambiwa tarehe ya kurudi, rudi.

11. Je, kila mwenye ugonjwa wa ini ni lazima afanyiwe endoskopi?

Si kila mmoja. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu yanayoitwa Baveno VII, yaliyofikiwa katika kikao cha mtandaoni mwaka 2021, yanasema kwamba mtu mwenye ini lililosinyaa kwa makovu lakini bado linafanya kazi anaweza kuepushwa na mrija ikiwa kipimo cha ugumu wa ini kiko chini ya kilopaskali 20 na chembe sahani za damu zinazidi 150,000. Kanuni hii haihamishiwi moja kwa moja kwa mwenye kichocho, kwa sababu ini la kichocho linaweza kuwa laini kwenye kipimo hicho huku mishipa ya umio imetuna.

## Utumbo mpana na akili unde

12. Sina dalili yoyote. Nifanye kolonoskopi?

Marekani, tangu Mei 2021, imependekeza uchunguzi uanze katika umri wa miaka 45. Lengo ni polipu, vile vinyama vinavyoota kwenye utumbo na ambavyo baadhi yake hugeuka saratani baada ya miaka. Utafiti mkubwa wa Ulaya ya Kaskazini na Poland uliochapishwa Oktoba 2022 ulikuta kwamba kualikwa kufanya kolonoskopi kulipunguza saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 katika miaka 10. Lakini ni asilimia 42 tu ya walioalikwa waliokwenda, na mwaliko usioitikiwa haumkingi mtu.

Kwa nchi zetu, ambako mashine na wataalamu ni wachache, maoni yetu ni kwamba nafasi za kwanza ziwaendee wenye dalili na wenye historia katika familia: damu kwenye choo, mabadiliko ya choo yanayoendelea, upungufu wa damu, mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua. Damu kwenye choo isidhaniwe kuwa ni bawasiri bila kuchunguzwa.

13. Akili unde inafanya nini kwenye kolonoskopi? Itachukua nafasi ya daktari?

Programu hutazama picha ileile anayoiona daktari na kuweka mraba wenye rangi palipo na kitu kinachofanana na polipu. Mfumo wa kwanza wa namna hiyo uliidhinishwa Marekani Aprili 2021. Majaribio mengi yameonyesha kwamba polipu zinazoonekana huongezeka, hasa zile ndogo. Faida hiyo ina thamani, kwa sababu utafiti wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kila daktari anapoongeza asilimia moja ya uwezo wa kugundua polipu hatarishi, saratani inayojitokeza baadaye kwa wagonjwa wake hupungua kwa takriban asilimia 3.

Lipo la kutahadhari. Utafiti wa Poland uliochapishwa Agosti 2025 uliangalia madaktari waliozoea kusaidiwa na programu hiyo; walipofanya kipimo bila msaada, ugunduzi wao ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Jicho lililozoea kuonyeshwa huanza kuacha kutafuta. Tena programu haioni kilicho nyuma ya mkunjo ambao daktari hakuunyoosha, wala kilicho chini ya kinyesi (swali la 3). Kuutoa mrija polepole bado ni msingi: kigezo cha zamani ni wastani usiopungua dakika 6, na miongozo ya Marekani ya mwaka 2024 imepandisha hadi 8.

14. Siwezi kumeza kidonge chenye kamera badala ya mrija?

Kidonge hicho, chenye urefu wa milimita 26 hivi, kilianza kutumika mwaka 2001 na ni bora kwa utumbo mwembamba, ambako mrija wa kawaida haufiki. Hupiga maelfu ya picha kikisafiri, kisha hutoka na choo. Hakiwezi kuchukua kipande cha nyama wala kuzuia damu, na penye mbano kinaweza kukwama, kwa hiyo hakifai kwa mtu anayeshukiwa kuziba utumbo.

## Nyongo, kongosho na umio usiofunguka

15. ERCP ni nini, na hatari yake imepunguzwa vipi?

Ni endoskopi ya kufungua mrija wa nyongo, kutoa mawe au kuweka stenti kwa mwenye manjano ya kuziba. Hatari yake kuu ni kongosho kuvimba baadaye. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba dawa ya indomethasini, inayowekwa njia ya haja kubwa, ilipunguza tatizo hilo kwa walio katika hatari kubwa kutoka asilimia 16.9 hadi 9.2. Katika fani iliyojaa mashine za bei kubwa, mojawapo ya hatua zenye faida kubwa ni vidonge viwili vya bei rahisi.

16. Nimeambiwa nina akalasia. Upasuaji ndio njia pekee?

Hapana. Katika akalasia msuli wa chini ya umio haulegei, na chakula hukaa juu. Mwaka 2008 Haruhiro Inoue wa Japani alianza kuitibu kwa kupenya chini ya utando wa umio, kutengeneza njia kama handaki na kukata msuli kutokea ndani, bila kidonda nje. Matokeo ni mazuri, ila asidi hupanda mara nyingi zaidi baadaye. Kutanua kwa puto na upasuaji wa matundu madogo bado ni njia halali.

## Usalama na hali za pekee

17. Mrija mmoja hutumiwa na watu wengi. Siwezi kuambukizwa?

Ukisafishwa sawasawa, hatari ni ndogo mno. Kusafisha huanza kitandani pale pale kabla uchafu haujakauka, kisha tundu hupigwa brashi kwa sabuni, mrija huzamishwa kwenye dawa kali, husuuzwa, hukaushwa na kutundikwa wima. Mrija wa ERCP ndio mgumu zaidi kwa sababu ya kishikizo kidogo kwenye ncha. Ulihusishwa na milipuko ya bakteria sugu huko Marekani, na mwishoni mwa 2019 mrija wa kwanza wa kutumika mara moja tu ukaidhinishwa. Una haki ya kuuliza jinsi mirija inavyosafishwa mahali unapotibiwa.

18. Natumia dawa za kuzuia damu kuganda, au sindano za kupunguza uzito. Niache?

Usiache mwenyewe. Aspirini mara nyingi huendelea. Warfarini na jamii yake hupangwa na daktari kulingana na kazi itakayofanyika. Semaglutidi na dawa za aina hiyo huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo zitaje, hata kama umezinunua bila cheti.

19. Je, endoskopi inabatilisha saumu ya Ramadhani?

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema kwamba kipimo cha tumbo hakibatilishi saumu ikiwa hakikuambatana na kuingizwa maji au kitu kingine. Katika utendaji, maji ya kuoshea kioo huingia karibu kila mara, na dawa ya kolonoskopi ni lazima inywewe. Kipimo kisicho cha dharura kinaweza kupangwa usiku au baada ya Idi. Cha dharura kisingojee. Kwa hukumu yako binafsi muulize mwanachuoni unayemwamini.

20. Mtoto amemeza betri bapa ya rimoti. Tusubiri itoke?

Msisubiri hata kidogo. Betri hiyo ikikwama kwenye umio huanza kuunguza utando ndani ya saa 2, kwa mkondo wa umeme unaozalisha magadi makali, hata kama mtoto anacheza. Nendeni hospitali mara moja. Eksirei huionyesha ikiwa na duara mbili, tofauti na sarafu, na mrija wa endoskopi huitoa. Msimtapishe wala msimpe chakula. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, ikiwa amemeza ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, anaweza kupewa vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, bila kuchelewesha safari. Betri ikishatolewa, kidonda huweza kuendelea kuchimba kwa siku kadhaa, hivyo kutapika damu, homa au kukohoa anapokunywa ni sababu ya kumrudisha siku hiyohiyo.